Benchi la Iga

Enzi hizo, ukiingia nyumba yoyote ya mtaa wa Mbunya, mjini Bunia, yenye viti vya wageni, ungekuta ukutani vitu viwili. Cha kwanza picha ya Rais, maana nani alikuwa na vichwa viwili hata aikose. Cha pili picha ya bariere, kizuizi cha barabarani. Lori jekundu limesimama kwenye matope ya kijiji cha Iga, mvua inapiga kutoka kushoto, mti mrefu umelazwa kuikata barabara, na chini ya kibaraza cha mlinzi pana benchi lenye watu wanaongoja. Pembeni, kwa herufi za aibu aibu, imeandikwa: Rémy, Bunia.

Asiyezijua barabara za Ituri aelezwe. Mvua ikinyesha, bariere ilishushwa, na malori yote yakasimama hadi udongo ukauke, yasije yakaichimba barabara ikawa shamba la viazi. Ukinaswa Iga umenaswa. Watu walipika pale, walilala pale, waligombana na kupatana pale, na wapo watu wazima wa leo ambao safari yao ya kuja duniani ilianzia chini ya turubai la lori pale Iga. Majina tuyaache.

Rémy mwenyewe alikuwa mtoto wa Waaluru wa Mahagi waliohamia Bunia zamani. Kwenye makaratasi ya ofisi alikuwa Ucircan tu, kwa kuwa serikali ilikuwa imeyapiga marufuku majina ya ubatizo, lakini mama yake hakualikwa kwenye mkutano ulioamua jambo hilo, akaendelea kumwita Rémy. Alichora juu ya magunia ya unga, yale ya pamba. Aliyafumua, akayavuta kwenye fremu ya mbao, akayapaka uji mwepesi wa muhogo ili yasinywe rangi, akayaanika uani kama nguo za Jumamosi. Rangi zake zilikuwa zile za kupaka magari na milango. Miaka ya sabini ilipokuwa ikiishia, maduka yalikuwa yamebaki na rafu na vumbi, na rangi ya buluu ilipotea kabisa mjini. Ndiyo sababu picha zake zote za miaka ile zina mvua kubwa. Watu walidhani ni huzuni, kumbe ni buluu iliyokosekana.

Sasa, hilo benchi. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyeondoka asirudi: mwanamume aliyekwenda kutafuta dhahabu kwenye migodi ya Kilo, kijana aliyechukuliwa jeshini, binti aliyeolewa mbali na habari zake zikakatika. Mwenye nyumba alikuja kwa Rémy akasema, "Mutie kwa benchi." Rémy aliuliza maswali. Alivaaka nini? Alikaaka namna gani, anakunja mguu ao hapana? Kichwa kinaangalia fasi gani, kwa barabara ao kwa lori? Kisha alimchora mtu yule akiwa amekaa anangoja mvua iishe, na familia ilibeba picha nyumbani ikiwa imetulia kidogo. Mwenye kaburi hakutiwa, yeye ana msalaba wake na misa yake. Wa kwenye benchi ni yule asiyezikwa na asiyefika.

Na siku akifika, picha ilirudishwa kwa Rémy amtoe. Alimfunika kwa rangi ile ile ya ukuta wa kibaraza, watu wakanywa, basi. Joséphine, jirani yao, alileta yake akiwa ameibeba kichwani mwenyewe, na mume wake Paul aliyetoka Kilo akimfuata nyuma, anatafuna muhindi wa kuchoma kama aliyetoka sokoni. Rémy alipoanza kumfuta, Joséphine alimshika mkono. "Acha kofia," alisema. "Nisisahau ile alinifanyia." Kwa hiyo ukutani kwa Joséphine, mpaka leo, pana benchi lenye kofia bila mtu.

Jambo moja Rémy hakulikubali kwa yeyote, nalo ni kuichora bariere ikiwa juu. Walimwomba. Aliwajibu, "Ikipanda, lori itaenda na mutu yako. Utabakia na benchi." Wateja walifikiri kidogo, wakaona amesema kweli.

Nyumba moja tu ya mtaa ule haikuwa na picha ya Rémy, nayo ni nyumba aliyozaliwa. Mama yake, Scholastique, aliuza sokoni samaki waliotoka Kasenyi, bandari ya ziwani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na kila moja limenolewa. Ukutani kwake palikuwa na msalaba, kalenda ya misheni, na Rais. Rémy alimwomba mara nyingi.

"Mama, acha nikuchoree moja. Watu banasema nini, mutoto anapamba nyumba za wengine?"

"Ile picha iko ya nyumba yenye shimo," mama alijibu. "Baba yako iko na kaburi yake Mahagi. Weye na dada yako Adeline muko hapa munakula. Siye hatungoji mutu."

Rémy alicheka mbele za watu, lakini lilimuuma. Mji mzima ulikuwa na kazi ya mikono yake ukutani, na mtu mmoja ambaye angetaka aitazame kila asubuhi akikoroga uji alikuwa anatazama kalenda.

Aliyemtia homa ya kusafiri alikuwa dereva mmoja wa malori, mtu wa maneno mengi. Alisema Nairobi zipo nyumba ambazo picha zimetundikwa, na watu wanaingia kuzitazama, halafu wanatoka. Rémy alimwuliza kama wanauziwa kitu humo. Hapana. Wananywa kitu? Hapana. Wanatazama tu? Dereva alisema wanatazama tu, wengine wamefunga mikono nyuma. Rémy hakulala vizuri tena. Bunia picha ilikaa juu ya redio, ikapata moshi, ikapata inzi, na mgeni aliipa mgongo akiongea habari za ng'ombe. Alitaka kuona kwa macho yake ukuta usio na redio. Alitaka, na hili hakumwambia mtu, siku moja mama yake asikie kwamba watu wamefunga mikono nyuma mbele ya kazi ya mtoto wake.

Aliondoka mwaka wa themanini na moja. Alizungushia turubai picha zake saba, na zote saba zilikuwa za bariere. Usimcheke. Bunia mchoraji ambaye picha yake imeombwa mara moja ni mchoraji aliyeshindwa, hata mkewe hamwamini. Picha iliyoombwa na mji mzima ndiyo picha. Alichukua kilicho bora, na kilicho bora kilikuwa hicho hicho.

Mama alimfungia samaki wakavu kwenye jani, akamsindikiza hadi kwenye gari la Kasenyi. Hakulia. Alimshika sikio, lile la kulia, kama alivyokuwa akimshika utotoni, na masikio ya Rémy yalikuwa ya kushikika.

"Enda," alisema. "Unasikia? Enda ufanye ile kazi yako. Lakini usiniachie shimo kwa nyumba."

"Nitarudia, Mama."

"Batu yote ya ile benchi yako walisema vile."

Alivuka ziwa salama. Upande wa Uganda walipanda lori pamoja, yeye na mfanyabiashara mmoja wa Bunia aitwaye Félicien, na lori likawa linasimamishwa kila mahali, maana nchi ile ilikuwa imetoka vitani na ilikuwa kama inaelekea kurudi. Kwenye kizuizi kimoja askari walimwamuru Rémy afungue turubai. Askari aliikunjua picha ya kwanza. Akaona lori, akaona mti umelazwa barabarani, akaona watu wamesimamishwa. Akakunjua ya pili, ya tatu, mpaka ya saba.

"Kwa nini unachora kizuizi chetu?" aliuliza. "Mara saba?"

Rémy alieleza habari za mvua. Ilikuwa siku ya jua kali na maelezo hayakusimama. Walimpeleka nyuma ya nyumba, na muda si muda bunduki ikalia. Walikuwa wamempiga mbuzi wa mtu kwa ajili ya chakula cha jioni, lakini waliokuwa kwenye lori hawakumwona mbuzi. Dereva alitia gia akaondoka, na Félicien akiwa juu ya mizigo ameshika kichwa. Rémy alikaa mikononi mwa askari siku kadhaa. Walipogundua kwamba mkono wake unajua herufi, wakamfanya awapakie upya kibao chao cha kusimamisha magari. Alikipaka vizuri kuliko walivyostahili. Wakamwachia, wakamrudishia picha zake, wakabaki na samaki.

Nairobi aliitafuta ile nyumba ya picha aliyosimuliwa na dereva wa Bunia, na kumbe ilikuwepo. Ukuta mweupe, hakuna redio. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kizungu, miwani imefungwa kamba shingoni, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini kinatosha. Rémy alikunjua picha ya kwanza sakafuni, na yule mama akainama, akavaa miwani. Moyo wa Rémy ukapanda. Akakunjua ya pili. Alipokunjua ya nne mama alikuwa ameshavua miwani.

"Umeniletea picha moja," alisema, bila ubaya. "Hapana picha nyingine?"

"Mama, ile batu yote banaombaka ndiyo ile."

"Rudi ukiwa na nyingine."

Alikuwa ameshafika njiani, turubai begani, ndipo maneno yale yalipomwingia. Askari wa kule na mama wa miwani walimwuliza swali moja, tofauti ni kwamba mama hakuwa na bunduki. Alikaa kwenye ukingo wa barabara. Safari yote ile, ziwa lote lile, na jambo alilolionea fahari tangu ujana ndilo lililomfukuza mlangoni.

Msafiri kafiri, akaanza kula kilichopo. Alipaka vibao vya vinyozi, vya fundi viatu, vya maduka ya unga huko Gikomba. Mwenye duka moja la watalii alimtaka amchoree simba, na Rémy, ambaye hakuwahi kumwona simba, akachora anachokijua. Simba wake wote walitoka na sura ya mbwa wa Mbunya, wale wanaolala mlangoni na kufungua jicho moja. Watalii waliwanunua hivyo hivyo. Aliona haya kila alipowaona wakitoka nao.

Akapanga chumba cha mabati pamoja na Mkongo mwenzake, fundi cherehani. Zile picha saba alizitundika kwenye kamba zisipate unyevu, na hapo akakosea kosa la mtu wa kwetu, kwa kuwa alisahau kilichoko chini ya rangi. Panya wa Nairobi walikuwa hawajawahi kuonja muhogo wa Ituri. Walishuka kwenye kamba, wakakwangua magunia kwa nyuma, wakala uji wote, na rangi ikadondoka vipande vipande. Alirudi kutoka kazini akakuta mvua imeanguka sakafuni. Ya saba walikuwa wamebakiza gurudumu la lori na nusu ya benchi.

Yule fundi cherehani alimwambia acheke, maana mambo mengine usipoyacheka yatakuua. Rémy hakuweza. Aligeukia ukuta akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu. Akawaza kurudi. Lakini kurudi na nini, na kwa nani, kwa mwanamke aliyemwambia enda ufanye ile kazi yako? Mwaka ule Bunia ilimjia bila kuitwa. Ilimjia harufu ya mikono ya mama ikitoka sokoni. Ilimjia kelele ya mvua ikija kutoka upande wa Djugu, ambayo unaisikia kwenye mabati ya jirani kabla haijafika kwako, ukapata muda wa kuanua nguo. Nairobi mvua ilianguka mahali pote kwa pamoja, haikuwa na heshima ya kubisha hodi. Alituma salamu kwa kila dereva aliyesema anakwenda upande ule. Walizipokea vizuri, kwa mikono miwili, na hakuna jibu lililorudi.

Basi palikuwa na Mama Nduku, Mkamba, mwenye hoteli ya chai na maharagwe pale Gikomba. Alimpa kazi ya kuandika bei za chai ukutani, na alipomaliza, nafasi ikabaki tupu.

"Hapo jaza chochote," alisema. "Isiwe simba. Nimechoka na simba."

Rémy alisimama mbele ya ukuta ule, brashi mkononi, na mkono ukaanza wenyewe. Lori. Matope. Mti umelazwa. Mvua kutoka kushoto. Hakuwa na nia ya kuwaonyesha watu, alitaka tu kujua kama Iga bado imo kichwani mwake au panya wameila nayo. Aliimaliza kwa siku chache, benchi akaliacha tupu.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa Mganda mmoja mbeba mizigo, aliyekunywa chai yake wima kila asubuhi. Hawa wanangoja nini, aliuliza, na benchi la nani? Rémy alimweleza desturi ya kwao, kwa aibu, akitegemea kuchekwa. Yule bwana alimaliza chai. Kisha akasema alikuwa na kaka, walipotezana wakikimbia vita, na kaka yake huyo alikuwa akikaa hivi, kiganja chini ya paja. Rémy alimchora na kiganja chini ya paja. Kesho yake Mganda alikaa chini kunywa chai yake, mkabala na ukuta, kwa mara ya kwanza.

Baada ya huyo hawakwisha. Akaja mama wa kuuza mboga za sukuma, mumewe alikwenda kazi Mombasa akameza ulimi. Wakaja Wakongo wenzake, wakaja watu wa Kitui. Benchi likajaa, na Rémy akalirefusha. Likafika kona ya ukuta, likapinda kona, likapita juu ya pipa la maji, likaelekea mlango wa jikoni. Mara mbili tatu alirudishwa kumfuta mtu aliyefika, na siku hizo Mama Nduku alitoa chai bure huku akinung'unika kwamba watu wa Rémy watamfilisi. Miaka ilipita hivyo, mchana vibao, jioni benchi.

Yule mama wa miwani aliletwa na maneno ya watu. Aliagiza chai akaiacha ipoe. Alitembea pole pole kufuata benchi, kuanzia menyu mpaka jikoni, akarudi mpaka menyu, na aliyemsimulia nani ni nani hakuwa Rémy, alikuwa Mama Nduku, anayewajua wote na udaku wao.

"Mimi nilikwambia hii ni picha moja," mama wa miwani alimwambia Rémy mwishowe. "Nilikosea. Nataka ile picha yako. Tena na tena, kila mtu na yake. Zote chumba kimoja."

Ikawa. Mwaka wa themanini na sita zilitundikwa, safu nzima, lori jekundu mara ishirini na zaidi, na wala hakuna aliyesema ni picha moja. Safari hii alizipaka kitu kingine chini, muhogo aliula mwenyewe. Watu waliingia wakafunga mikono nyuma, kama dereva alivyosema. Rémy alisimama mlangoni amevaa koti la kuazima, akaitazama migongo yao, akafurahi furaha ya kweli. Na hapo hapo katikati ya furaha akajisikia kama mtu aliyepika karamu na mgeni aliyempikia hakuja. Ukuta alioutaka ulikuwa Mbunya.

Alirudi mwaka uliofuata, wakati wa masika, kwa njia ya Mahagi. Alikuwa na picha moja tu kwenye turubai, na hiyo haikuwa ya bariere. Alikuwa amemchora mama yake sokoni, nyuma ya samaki, uso wake ule wa kukataa kupunguza. Alidhani hiyo hataikataa.

Iga kulikuwa na jua, bariere iko juu, lori likapita bila kusimama, na Rémy akacheka peke yake. Mbunya watoto walimtazama kama mgeni. Adeline, dada yake, alikuwa uani anafua. Alimwona, mikono ikabaki ndani ya maji, akaita "Mama" kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Scholastique alitoka. Alikuwa amepungua, kitambaa kichwani kimepauka. Alimgusa uso mzima kwa vidole, akalishika sikio la kulia, akalivuta. Kisha aligeuka akaingia ndani. Rémy akamfuata.

Ukutani, pale palipokuwa na kalenda, palikuwa na bariere. Lori jekundu, mvua, mti umelazwa. Jina la pembeni lilikuwa la Alexis, mchoraji mmoja wa upande wa soko ambaye Scholastique alikuwa akisema anachora watu kama magunia yenye macho. Kwenye benchi palikuwa na mtu mmoja. Ana turubai magotini, masikio makubwa, anatazama barabara. Mikono ilikuwa mibaya sana, vidole vimerundikwa kama ndizi.

Rémy alikaa kitini mkabala nayo. Alikuwa amewatia watu wengi kwenye benchi lile, hakujua mtu anajisikiaje akijikuta amekaa pale mwenyewe.

Adeline ndiye aliyesimulia. Félicien alirudi na habari kwamba askari wamempiga Rémy risasi, amesikia kwa masikio yake. Jamaa wa Mahagi wakaja kwa ajili ya matanga. Mama akawapikia, akawalaza, akakataa matanga. Kaburi yake iko wapi, aliwauliza. Munionyeshe kaburi nilie. Hawakuwa na kaburi, wakaenda zao wakinong'ona. Ndipo akajifunga kitambaa, akaenda kwa Alexis, akakaa naye siku nzima akimwelekeza masikio.

"Na salamu zangu?" Rémy aliuliza. "Nilituma na madereva."

"Haikufika hata moja," Adeline alisema.

Habari ilikuwa imeshatoka nje. Joséphine aliingia na jagi, Paul nyuma yake, akaja Félicien mwenyewe, amenyauka kwa haya, akasimama karibu na mlango. Scholastique aliishusha picha ukutani, akaipangusa kwa kanga, akaiweka juu ya magoti ya mwanawe. Adeline alishaleta kikopo cha rangi ya ukuta.

"Jitoe," mama alisema.

Ilikuwa desturi yake yeye Rémy, aliyoianza mwenyewe. Alichovya brashi. Watu walikuwa wanatabasamu, jagi limeinuliwa tayari. Brashi ilifika karibu na yale masikio, ikakaa hewani.

Angeweza kunyamaza. Angejifuta, wakanywa, na baada ya wiki akapanda lori. Lakini alikuwa anajua picha ile inavyofanya kazi, na hakuweza kuidanganya.

"Mama," alisema, "sikurudi kubakia. Kazi yangu iko kule. Waliniombaka picha zingine. Masika ikiisha nitaenda tena."

Jagi lilishushwa. Joséphine alimtazama Paul kana kwamba kosa ni lake. Rémy hakuthubutu kuinua macho, alikuwa anaona miguu ya mama yake tu, imepasuka visigino, kwenye sakafu ambayo alijifunzia kutambaa. Aliona amemfanyia mama lile moja alilomkataza. Ameleta shimo mwenyewe, mchana, mbele ya majirani.

Scholastique alivuta kiti akakaa karibu naye. Aliitazama picha.

"Kule," alisema, "banaangaliaka picha yako namna gani?"

"Wanafunga mikono kwa mugongo, Mama. Wananyamaza."

"Hakuna redio?"

"Hakuna redio."

Aliitika kwa kichwa polepole, kama anayesikia bei na kuiona ni ya haki. Kisha akaweka kidole juu ya ule mti uliolazwa barabarani.

"Basi usijitoe. Bakia pale. Lakini hii, inua."

Rémy alidhani hakusikia vizuri. "Mama, ikipanda lori itaenda."

"Itaenda. Minajua." Kidole hakikuondoka. "Miaka yote nilikuwa naangalia ile bariere chini. Iko chini, hauendi. Iko chini, haurudi. Ndiyo ile ilikuwa inaniua, siyo ile benchi. Inua, Rémy."

Hakuwahi kuichora hivyo maishani mwake. Aliomba turubai lake, akaiweka kando ile picha ya mama na samaki wake, akatoa vikopo vya Nairobi, na kimoja kilikuwa cha buluu. Aliufunika ule mti wa chini kwa rangi ya udongo, kisha akauchora upya ukiwa umesimama, ncha yake juu, na pale ncha ilipofika ilimbidi aifungue ile mvua ya Alexis, akaweka buluu kidogo, ukubwa wa kiganja. Félicien pale mlangoni alikuwa anapiga chafya ambazo hazikuwa chafya.

Alitaka kuiegemeza picha ikauke. Mama akamzuia.

"Na hizo mikono, tengeneza. Siwezi nangojea mutu mwenye vidole ya ndizi."

Akaichukua mikono ya mwanawe yote miwili ili aikague, akaona wa kulia una kazi, akauacha. Wa kushoto aliulaza juu ya goti lake mwenyewe, vidole vimekunjuka, uwe mfano. Rémy alichora kidole kimoja kimoja, na mama hakuuachia mkono ule hadi rangi ilipokauka.